Fumbo la chesi la 1895: malkia anapoharibu ushindi

Ubaoni zimebaki kete nne tu. Nyeupe ina mfalme b6 na askari c6. Nyeusi ina mfalme a1 na ngome d5. Nyeupe inaanza, na inatakiwa kushinda.

Askari anasogea c7. Ngome inamtishia mfalme kutoka d6, naye anashuka b5, b4, b3, ngome ikimfuata kila hatua. Akikimbilia c5 mapema, ngome inakwenda d1 na ushindi umepotea. Akifika c2, wengi hudhani kazi imekwisha.

Kumbe mtego uko hapo. Ngome inakwenda d4! Askari akigeuka malkia, ngome inajitoa mhanga c4 na kumtishia mfalme. Malkia asipoila, ataliwa yeye. Akiila, mfalme mweusi hatishiwi lakini hana mraba wa kwenda. Sare.

Georges Barbier alichapisha umbo la awali la fumbo hili katika gazeti moja la Glasgow, Scotland, akisema ni sare. Fernando Saavedra, padri Mhispania aliyeishi mjini humo, ndiye aliyeona dawa: askari ageuke ngome, si malkia! Mhanga wa c4 sasa haufui dafu, maana ngome ikiliwa, mfalme mweusi anatorokea a2.

Nyeupe inatishia kumaliza kwa a8. Nyeusi inajikinga a4, mfalme mweupe anapanda b3. Hapo ama ngome inaliwa, ama ni mati kwa c1. Nyeusi haiwezi kuzuia yote mawili.