Daraja la biashara kwenda Stratford: kodi, kiti na njia

Familia nyingi za Ghuba zenye jamaa zao Stratford, mashariki ya London, hulifikiria daraja la biashara anaposafiri mzee au mgonjwa. Kabla ya kulipa, tazama haya.

Kodi
Uingereza humtoza kodi abiria anayeondoka, si anayewasili. Kwa safari ya Maskati, Dubai au Doha, tangu tarehe 1 Aprili 2026 ni pauni 102 daraja la kawaida na pauni 244 daraja la biashara. Mtoto wa chini ya miaka 16 husamehewa, lakini akikaa daraja la kawaida tu. Kwa hiyo kwenda kwa daraja la biashara na kurudi kwa la kawaida huokoa pauni 142 katika kodi peke yake, mbali na nauli. Angalia saa pia: ikiwa safari ya kurudi ndiyo ya usiku, huenda mzee akahitaji kitanda huko zaidi.

Kiti
Jina la shirika halitoshi. Uliza aina ya ndege. Kwenye A380 ya Emirates viti vimepangwa 1-2-1, na kila abiria hutoka bila kumsumbua mwenzake. Kwenye Boeing 777 zao ambazo hazijakarabatiwa ni 2-3-2: aliye dirishani au katikati hulazimika kumpita jirani. Kwa mwenye magoti mabovu, hilo ni kubwa kuliko chakula.

Njia
Kutoka Heathrow, treni za Elizabeth line hufika Stratford, na stesheni zake zote zina njia isiyo na ngazi.