Kitunguru chekundu cha Runingu kilitoka wapi, na mbegu yake tutaitoa wapi?

Tangu mwezi wa pili 2025, jamaa zetu wengi wa bonde la Ruzizi walipovuka mto na kulala kwenye uwanja wa mpira wa Rugombo, kule Burundi, kuna swali ambalo wamama hawaachi kuniuliza: «Siku tukirudi, mbegu ya kitunguru chekundu cha kwetu tutaitoa wapi?» Muhogo, unaomba jirani vijiti. Maharagwe, unafunga kwenye kipande cha kitenge na kukimbia nayo. Kitunguru hakikubali hivyo. Ili tujibu vizuri, tuanzie nyuma kidogo.

Kitunguru si mzaliwa wa hapa. Asili yake ni Asia ya kati. Huku kwetu kilikuja na watu wa misafara waliotoka pwani ya bahari, wakapita Tabora hadi Ujiji. Stanley alipopita Tabora mwaka 1871, aliandika kwamba Waarabu wakubwa wa pale walikuwa na vitunguru, vitunguu saumu na pilipili. Mwaka huohuo, yeye na Livingstone walipanda mtumbwi Ujiji wakafika mahali Ruzizi inapoingia ziwani. Burton na Speke walikuwa wamefika Uvira tangu mwezi wa nne 1858, wakifuata njia ileile ya wachuuzi. Hata jina halina mpaka: sisi tunasema kitunguru, ng'ambo ya mto Warundi wanasema igitunguru.

Wakati wa Wabelgiji, kilimo cha lazima kilianzishwa mwaka 1917, na bonde letu likajua pamba. Baadaye ikaja miwa na kiwanda cha sukari cha Kiliba, ambacho kilisimama na vita ya 1996. Pamba na miwa vilikuwa na kampuni, mizani na wasimamizi. Kitunguru hakikuwa na mkubwa. Kilikaa nyuma ya jikoni, pale maji ya kuosha vyombo yanapomwagika, mikononi mwa wamama. Ndiyo maana kampuni zilipofunga, chenyewe kilibaki: kwenye sahani ya ndagala, na kwenye pesa ya shule ya watoto.

Lakini si kila kitunguru kinakubali hapa. Vile vya Ulaya vinangoja siku ndefu, saa 14 au zaidi za mwanga, ndipo vifanye kichwa. Kwetu mchana ni kama saa 12 mwaka mzima, basi vinatoa majani tu. Vinavyotufaa ni vya siku fupi, kama Red Creole, kile chekundu kikali kinachouzwa kwa vikopo kwenye maduka ya mbegu.

Sasa, shida ya mbegu. Mwaka wa kwanza kitunguru kinatoa kichwa. Ili kitoe ua na mbegu, ni lazima kile kichwa kipandwe tena, na kipate wiki kadhaa za baridi. Joto la bonde haliruhusu hivyo kirahisi. Tena mbegu yenyewe inapoteza nguvu upesi: baada ya mwaka mmoja au miwili, nyingi haioti. Familia ikikimbia msimu mmoja tu, mnyororo umekatika.

Wenzetu wa Mang'ola, karibu na ziwa Eyasi huko Tanzania, wanachagua vichwa vizuri, wanavipanda tena na kuvuna mbegu wenyewe. Leo kitunguru chao kinaitwa kwa jina la kijiji chao. Nasi tuna milima juu ya bonde, upande wa Lemera, ambako kuna baridi. Mwenye jamaa kule anaweza kumpelekea vichwa kumi vigumu, vyekundu, vyenye shingo nyembamba, ajaribu.

Kwa sasa, ukinunua kikopo, soma tarehe kwanza. Weka mbegu kumi kwenye kitambaa chenye maji. Zisipoota angalau sita kwa siku kumi, usipoteze udongo wako. Mwaga mbegu kwenye kitalu mwezi wa nne au wa tano, hamisha miche baada ya wiki sita ikiwa minene kama kalamu, acha sentimita 10 kati ya mche na mche, na umwagilie wakati wa kiangazi. Majani yakianza kulala, acha maji. Vuna, kausha kivulini.

Walio kambini, beseni lililotoboka au gunia la udongo linatosha kwa miche michache. Na vichwa vizuri zaidi msiviweke chunguni: hivyo ndivyo vya kurudi navyo Runingu.