Kuweka 5L kwa Hilux ya Zamani Si Maringo, Ni Hesabu

Kuna dharau fulani watu wa magari mapya huwa nayo. Wakisikia mtu ameng'oa injini ya kiwanda kwa Hilux ya 1985 akaweka kubwa zaidi, wanacheka: "Sasa huyo anataka kushindana na nani na huo mkebe?" Mimi nimerekodi mafundi wa Grogan na Kawangware kwa zaidi ya mwaka sasa, na nakuambia hivi: karibu hakuna mtu huweka injini kubwa kwa pikapu ya kazi ndio akimbie. Anaiweka ndio gari ifanye ile kazi ilinunuliwa ifanye. Na ukifuata hiyo injini ilitoka wapi, utakutana na historia ya hii nchi ambayo hakuna mtu ametuandikia.

Tuanze na hesabu, wasee.

Mombasa iko usawa wa bahari. Katikati ya Nairobi ni karibu mita 1,700 juu. Ukitoka tao ukishika Waiyaki Way, Westlands, Kangemi, Uthiru, unazidi kupanda. Ukifika Limuru umepita mita 2,200. Huko juu hewa ni nyepesi. Injini ya dizeli isiyo na tabo inategemea hewa inayovuta yenyewe, na hewa ikipungua, dizeli haichomeki yote. Ndio unaona pikapu imebeba viazi inapanda Kangemi na gia ya pili ikitoa moshi mweusi kama kiwanda. Makanika wana kanuni ya haraka: kila mita 100 ukipanda, toa asilimia 1 ya nguvu.

Sasa chukua Hilux ya miaka ya 80 yenye injini ya 2L. Usidanganywe na jina, 2L si lita mbili. Ni sisi 2,446. Toa asilimia 17 kwa sababu ya Nairobi, unabaki na injini inayofanya kazi kama ya sisi 2,030. Sasa chukua 5L, ambayo ni sisi 2,986. Toa asilimia 17 hiyo hiyo. Unapata 2,478.

Soma tena polepole. 5L ikiwa Nairobi inafanya kazi ya 2L ikiwa Mombasa. Yaani huyo mzee unayemcheka hajaongeza kitu. Amerudisha kile mwinuko ulimchukulia siku aliponunua gari. Na akifika Limuru bado anadaiwa.

Mbona 5L na si injini nyingine yoyote? Kwa sababu 2L, 3L na 5L ni ndugu wa nyumba moja pale Toyota. Kilichokua sana ni ndani. Silinda ya 2L ina upana wa milimita 92, ya 3L milimita 96, ya 5L milimita 99.5. Nje zinafanana vya kutosha hadi gia boksi ya zamani inashika. Fundi anahamisha maunti na sampo kutoka kwa injini ya zamani, anaangalia klachi, anaweka redieta kubwa kidogo, anapanga nyaya za hita na kebo ya mafuta. Kama hakuna bolti iliyoota kutu, asubuhi wanang'oa, na kesho yake jioni gari inanguruma.

Sasa swali la historia: hizi injini zilifikaje hapa?

Miaka ya 70 serikali ilitaka magari yaunganishwe hapa nyumbani. Tukapata viwanda vitatu: Leyland pale Thika, ambayo baadaye ikawa Kenya Vehicle Manufacturers, General Motors Kenya hapa Nairobi, na Associated Vehicle Assemblers kule Mombasa. Gari lilikuja vipande vipande, likaunganishwa, likauzwa likiwa jipya. Hiyo ndiyo enzi ya Peugeot 504. Ilishinda Safari Rally mwaka 1975 ikiendeshwa na Ove Andersson, ikashinda tena 1978 na Jean-Pierre Nicolas. Mkenya alikuwa ameiona ikipita kwa matope ya Pasaka, kwa hivyo pikapu yake ilipokuja hakuhitaji tangazo. Ilibeba maziwa, ikabeba maiti, ikabeba watu wameketi wakitazamana huko nyuma.

Halafu mwanzo wa miaka ya 90 soko likafunguliwa. Magari yaliyotumika Japani yakaanza kushuka bandarini kwa bei ambayo gari jipya halingeweza kushindana nayo. Vile viwanda vitatu vikabaki vinapumua kwa shida. Aliyekuwa na pikapu ya zamani akajipata mahali pabaya: gari jipya hawezi, na spea za ile ya zamani zinazidi kuadimika, hasa za Peugeot.

Lakini meli zilezile zilizoua viwanda ndizo zilileta dawa. Pamoja na magari mazima zilikuja injini peke yake, na zile nusu za mbele zilizokatwa kwa msumeno ambazo mafundi wanaita nozikati. Zikatua Kirinyaga Road, ile barabara iliyoitwa Grogan Road zamani za mkoloni, kwa jina la Ewart Grogan, na ambayo mpaka leo hakuna mtu wa spea huiita jina lingine. Mlowezi alituachia jina, wenyewe tukalijazia vyuma.

Na kuna chanzo kingine karibu na nyumbani. HiAce za matatu zilikuja na hizo hizo injini za 3L na 5L. Bodi ikioza au gari likigongwa, injini haizikwi nalo. Inawezekana kabisa pikapu inayoleta sukuma wiki Marikiti leo inavutwa na injini iliyokupeleka shule ukitoka Kawangware.

Kwa Peugeot kazi ilikuwa ngumu zaidi, kwa sababu dizeli ya Japani haina undugu wowote na chasi ya Mfaransa. Maunti zinatengenezwa upya, eksozi inakunjwa upya, kila kitu ni kupima na kuchomelea. Hakuna kitabu. Mtu alijaribu, ikatetemeka, akarekebisha, akamwonyesha kijana wake.

Linganisha na hii. Mwaka 1986 Rais Moi aliagiza Chuo Kikuu cha Nairobi kitengeneze gari la Kenya. Likapatikana Nyayo Pioneer. Yakaundwa magari matano ya majaribio, yakafika kasi ya kilomita 120 kwa saa, na mwaka 1990 yakaonyeshwa umma. Hayakuwahi kuingia sokoni. Pesa haikupatikana. Siwacheki wale wahandisi, walifanya kazi waliyopewa, na kusema kweli matano ni mengi ukianza na sifuri. Lakini hilo gari tunalikumbuka, kila mwaka lazima mtu alipostie. Mafundi waliofanya maelfu ya pikapu ziendelee kuishi, mita chache kutoka Mto Nairobi, bila bajeti na bila ribboni ya kukatwa, hakuna anayewataja. Mimi niliacha uhandisi mwaka wa pili. Thamodainamiki nilifunzwa, na ndiyo inaeleza ile asilimia 17. Ila sikuwahi kusikia mwalimu akisema kuna watu huko Grogan wanaitatua kila wiki.

Sasa nisije nikawapaka mafuta tu. Kuna shida, na ni ya kufa na kupona. Injini kubwa inakuruhusu kupanda na mzigo ambao awali gari lingekataa. Lakini unachopanda nacho lazima ushuke nacho. Breki ni zile za 1985, springi ni zile, na mwenye gari akiona inavuta anaongeza magunia matano. Kutoka Uthiru kushuka Westlands si mahali pa kugundua kwamba dramu zimeisha. Fundi mzuri atakuambia: ukileta injini, leta na pesa ya breki. Wengi huleta ya injini peke yake.

Na hapo ndipo serikali ingefaa kuwa. Namba ya injini iko kwenye logibuku. Ukibadilisha injini, unatakiwa uandikishe mabadiliko na gari likaguliwe. Sheria ni nzuri. Lakini wengi wanaogopa gharama na safari za ofisi, kwa hivyo gari linaendeshwa na namba isiyolingana, mpaka siku ya ajali ndio bima inauliza maswali. Tunapoteza mara mbili: hakuna aliyekagua breki, na hakuna rekodi kwamba kazi ilifanyika.

Maoni yangu ni rahisi. NTSA ifanye uandikishaji wa injini uwe wa bei nafuu, ukaguzi wa breki uwe siku hiyo hiyo, na fundi aliyefanya kazi aandikwe jina kwenye hiyo fomu. Jina lake likikaa pale, atakuwa makini zaidi, na kwa mara ya kwanza tutajua nani alitengeneza nini hapa mjini.

Kabla hiyo ifike, kama kuna pikapu ya zamani kwenu, fungua boneti leo. Soma namba iliyopigwa kwenye bloki, muulize mzee ilitoka wapi na nani aliiweka, na uandike mahali. Wale mafundi wa kwanza wanazeeka, na mengi wanayojua yako kichwani tu.