Mandolini ya Unyamwezi

Miaka ya 1980, lebo ya Original Music ya John Storm Roberts ilitoa Marekani santuri iitwayo The Tanzania Sound. Hata wapenzi wa zilipendwa hawaitaji sana. Humo umo wimbo "Kajituliza Kasuku" wa Kiko Kids, bendi ya Tabora iliyoongozwa na Salum Zahoro, mpigaji mandolini.

Chombo hicho kina nyuzi nane za chuma, zilizopangwa jozi jozi. Ukizigusa kwa risha, mlio hukatika upesi. Anayetaka kuurefusha hana budi kuirudisha risha haraka haraka juu ya jozi ileile. Ndiyo maana mandolini hujitokeza kati ya magitaa bila kupiga kelele.

Tabora ilishazoea mambo mageni. Wasafiri Waingereza Burton na Speke walipofika mwaka 1857, walikuta Kazeh, jirani na mji wa leo, ikiwa kituo kikubwa cha misafara. Njia moja ilitoka Bagamoyo, nyingine ikaenda Ujiji, nyingine Karagwe na Buganda. Wapagazi wa Kinyamwezi walibeba pembe za ndovu na vitambaa, na nyimbo zao za safari zikawafuata. Reli ilifika Tabora mwaka 1912, Kigoma mwaka 1914. Ngoma ya beni, iliyozaliwa pwani kwa kuiga bendi za kijeshi, nayo ikapanda bara na kuota mizizi Tabora, ikiwa na vyama vyake, vyeo na sare.

Bendi za dansi zilikuta watu waliokwisha kujua kujipanga. Mji mmoja ukawa na Kiko Kids, Nyanyembe Jazz na Tabora Jazz. Jina la jazz lilikuwa mtindo wa siku zile. Kilichochezwa kilikuwa rumba, chacha na midundo ya nyumbani.

Tabora Jazz walijitambulisha kwa Segere Matata. Mwimbaji wao Shem Karenga alitoka Kigoma, upande ule ule ambao muziki wa Kongo uliingilia nchini, na "Dada Asha" ndio wimbo uliomtambulisha kwa wengi. Wana wa magharibi waliohamia Dar es Salaam nao walikuwa na bendi yao, Western Jazz, na mtindo wake wa Saboso.

Kwa nini basi, licha ya bendi zote hizo, santuri za Tabora ni chache? Tanzania haikuwa na kiwanda cha kuzifyatua. Bendi ya mkoani ilirekodi kanda Radio Tanzania Dar es Salaam, na anayetaka santuri akategemea wafanyabiashara wa Nairobi. Hivyo wimbo uliweza kuimbwa nchi nzima kwa sababu ya redio, bila hata nakala moja kuuzwa dukani. Karenga mwenyewe baadaye alihamia Dar es Salaam na kupiga na bendi ya MK Beats, waliojiita Tunda Nene. Alifariki mwaka 2014, "Dada Asha" ikiwa bado inaombwa kwenye vipindi vya zilipendwa.