Kwa Alama Zile, Akawe Mwalimu?



Juzi tulikaa barazani hapa Deira baada ya Isha, kahawa na halua kama ada yetu. Mwenzetu mmoja alikuwa na khabari njema: binti yake amemaliza skuli kwa alama za juu kabisa. Tukampongeza. Mzee mmoja akauliza, "Atasoma nini?" Baba mtu akajibu kwa sauti ya chini, "Ualimu." Pakawa kimya. Kisha yule mzee akasema, "Kwa alama zile?"

Swali lile limenikaa kichwani. Siku hizi vyuo vikuu kadhaa vya Marekani vina mipango maalumu kwa wanafunzi hodari wa shahada ya kwanza wanaotaka kuwa walimu: hupewa masomo mazito zaidi, utafiti wao wenyewe na mhadhiri wa kuwalea. Wengine wanaliona jambo jipya. Lakini sisi watu wa pwani tulikuwa na kitu chetu cha namna hiyo, tukakipoteza. Na mzee aliyeuliza amesomeshwa nacho.

Unguja ya miaka ya 1920 na 1930, kijana aliyepelekwa kusomea ualimu alikuwa katika wachache waliochujwa. Wala hakufundishwa kushika chaki tu. Walimu wale walikuwa na gazeti lao, Mazungumzo ya Walimu, lililoanza 1927, wakiandika na kujadiliana kwa Kiswahili. Katika kundi hilo alitoka Sheikh Abdulla Saleh Farsy. Watu wanamkumbuka kwa ukadhi, lakini ukadhi wa Zanzibar aliupata 1960. Kabla ya hapo alikuwa mwalimu miaka mingi, na kitabu chake juu ya Seyyid Said, kilichotoka 1942, ni kazi ya mwalimu wa skuli.

Makerere nako hali ilikuwa hiyo hiyo. Miaka ya 1940 walipita pale Julius Nyerere na Aboud Jumbe, wote wawili wakatoka na diploma ya ualimu. Nyerere akaenda kufundisha Tabora na baadaye Pugu. Jumbe akarudi Unguja kushika darasa kabla ya siasa kumchukua. Mmoja akawa rais wa Tanganyika na Tanzania, mwengine rais wa Zanzibar, na yule wa kwanza hadi kufa kwake 1999 aliitwa Mwalimu.

Lakini tusidanganyane. Vichwa vile havikwenda kwenye ualimu kwa mapenzi peke yake. Milango mingine ilifungwa. Mkoloni alitaka makarani, madaktari wasaidizi na walimu. Mawakili na wahandisi Waafrika hakuwa na haja nao. Nafasi zenyewe zilikuwa chache, na mtoto wa shamba au wa Pemba, khasa wa kike, alikuwa mbali nazo. Kwa hivyo sehemu ya heshima ile ilitokana na uhaba. Uhuru ulipofungua milango, wenye alama za juu wakapita kwengine, na ilikuwa haki yao.

Kosa letu lilikuja baadaye. Azimio la Musoma la 1974 lilitaka kila mtoto wa Tanzania aingie shule ya msingi. Lengo lilikuwa jema, na mamilioni walijua kusoma kwa sababu yake. Ila walimu hawakutosha, basi wakachukuliwa vijana waliomaliza darasa la saba, wakafundishwa huku wakifundisha. Wengi walijitahidi mno. Malipo yao yalikuwa kejeli: "mwalimu wa UPE" likawa jina la mtu asiyejua. Mwaka 2014 serikali ikaanzisha stashahada maalumu Chuo Kikuu cha Dodoma ili kupata walimu wa sayansi na hisabati. Mei 2016, baada ya wahadhiri kugoma kufundisha, wanafunzi zaidi ya 7,000 wakarudishwa makwao, na Rais Magufuli akawaita vilaza. Hata kama baadhi yao hawakuwa na sifa, jiulizeni: kijana hodari aliyesikia neno lile angechagua ualimu tena?

Hapa tulipo tunaona njia nyengine. Skuli ya Al Ahmadiya, Deira hii hii, ilianzishwa 1912 kwa fedha za biashara ya lulu. Chuo Kikuu cha Imarati kilipoanzishwa Al Ain 1976, kitivo cha elimu kilikuwamo katika vinne vya mwanzo. Hata hivyo, mpaka leo walimu wengi wa Dubai ni wageni wa mkataba. Fedha inamleta mwalimu mzuri. Mkataba ukimalizika, anaondoka na alichokijua.

Na Oman? Mwaka 1970 ilikuwa na skuli tatu tu za serikali. Sultan Qaboos alipowaita Waomani walioko nje warudi, waliotoka Zanzibar walikuja na elimu yao, na wengi wakaingia madarasani na maofisini. Yaani akiba ya walimu iliyowekwa Unguja kwa miaka arobaini ilikwenda kutumika Muscat. Huo ndio uzito wa kulea walimu hodari: faida yake inaendelea hata nchi iliyowalea ikiwapoteza.

Mimi sitaki turudi kwenye uhaba wa mkoloni. Nataka turudishe vitu vitatu: kuwachagua mapema wenye uwezo, kuwasomesha somo lenyewe kwa kina, na kuwapa mahali pa kuandika na kusikilizwa. Mshahara wa maana nao usisahauliwe, maana heshima tupu hailipi kodi ya nyumba.

Nimemwambia baba yake yule binti asiseme tena kwa sauti ya chini. Mzee wetu bado hajakubali; tutaendelea naye barazani.