Faragha si usalama

Neno faragha limetujia kutoka Kiarabu, ambako mzizi wake unabeba maana ya utupu na nafasi. Kwetu, kwenda faragha ni kujitenga mahali pasipo na mtu wa tatu. Mara nyingi hutajwa sanjari na usalama. Hata Ibara ya 16 ya Katiba ya Tanzania imeyaweka pamoja. Watafiti wa intaneti wanayatenganisha.

Chukua DNS, mfumo uliobuniwa na Paul Mockapetris mwaka 1983, unaogeuza jina la tovuti kuwa anwani ya namba. Nyongeza yake, DNSSEC, hutia sahihi ya kidijitali kwenye jibu ili ijulikane halikughushiwa. Huo ni usalama. Swali lenyewe, hata hivyo, husafiri wazi kama barua isiyo na bahasha. Mwaka 2018 kilitolewa kiwango cha DoH, kinacholifunika swali kwa usimbaji. Hiyo ndiyo faragha, ingawa mwenye seva inayojibu bado anajua ulichouliza.

Kwa hiyo anayetangaza "usalama na faragha" ametoa ahadi mbili, na kila moja idaiwe peke yake.