Uvuvi wa kambakochi kwa kayaki (California)

Uvuvi wa kambakochi kwa kayaki ni uvuvi wa burudani unaofanywa usiku kusini mwa pwani ya California, Marekani, takriban kuanzia Oktoba hadi Machi. Anayevuliwa ni *Panulirus interruptus*, wa jenasi moja na kambakochi wa Afrika Mashariki. Kama wao, ana miiba lakini hana magando.

Zana. Wavu wa duara hushikiliwa na pete ngumu na hauna mlango wa kumfungia kambakochi. Huja, hula na huondoka apendavyo. Hunaswa wavu unapoinuliwa tu. Chambo cha vibua, sehewa au ngisi hufungwa katikati ndani ya kifuko kigumu chenye matundu, simba-bahari wasije wakakinyakua.

Kutega. Mchana kambakochi hujificha katika mianya ya miamba; giza likiingia hutoka kutafuta chakula. Kwa hiyo nyavu hushushwa jua linapotua, kwenye mchanga kandokando ya mwamba. Haziwekwi juu ya mwamba wenyewe, kwani wavu ukikwama hapo, kuung'oa kutoka chombo chepesi ni kazi ya hatari. Kamba inayounganisha wavu na boya huzidi kina cha maji ili mkondo usilizamishe boya.

Kuvuta. Mvuvi huliendea boya akikabili mkondo, hukusanya kamba iliyolegea taratibu, na akifika juu ya wavu huuvuta kwa mshtuko mmoja, kisha mfululizo hadi juu. Kambakochi hutoroka kinyumenyume kwa kupiga mkia. Mkono ukisita, amekwenda. Mwili hubaki katikati ya kayaki, na mikono huvaa glavu.

Usalama. Jaketi la kujiokolea, taa nyeupe, filimbi na kisu cha kukatia kamba ni vya lazima kwa mwenye busara. Nyavu hazitegwi mahali mawimbi yanapovunjika.

Sheria. Mvuvi hubeba kadi ya kuandikia mavuno, na leseni akiwa na umri wa miaka 16 au zaidi. Huruhusiwa nyavu 5, kila mmoja ukikaguliwa angalau kila baada ya saa 2, na kambakochi 7 kwa siku. Gamba la kichwa na kifua lisipofika inchi 3¼ (milimita 83 hivi), kambakochi hurudishwa majini papo hapo. Katika hifadhi ya Matlahuayl, La Jolla, ni marufuku kuvua.